Nafasi ya Sita

Siku mdogo wangu alipotoka gerezani nilipiga vigelegele peke yangu pale getini, nikajiona mjinga. Wengine waliokuja kupokea watu wao walikuwa wakilia au wakipiga simu kwa sauti ya juu. Mdogo wangu alitoka na mfuko wa nailoni mkono mmoja, na mkono wa pili ameukandamiza kinenani kama mtu anayezuia suruali isimdondoke. Nikamkumbatia. Alisimama tu, akaniacha nimkumbatie. Halafu akasema, "Dada, wamenitoa mapema mno."

Nikadhani ni utani wa huko ndani. Nikacheka, ila yeye hakucheka.

"Wiki ijayo nilikuwa napasuliwa," akasema. "Nilishapangiwa siku."

Mdogo wangu ni mkulima wa mpunga Majimoto, ndiko tulikozaliwa. Mimi niliolewa mjini Mpanda, naishi Ilembo na kuuza samaki wakavu sokoni Kashaulili. Yeye alibaki nyumbani na mama, bibi yetu mzaa baba, mkewe na watoto wake. Mwaka mmoja ng'ombe wa jirani waliingia kwenye majaruba yake mpunga ukiwa karibu kuiva, wakala na kukanyaga. Jirani huyo ni katika wafugaji waliohamia kwetu kutoka kaskazini, mtu tunayesalimiana naye vizuri tu. Mdogo wangu alimkuta mchungaji amelala kivulini, akamtandika fimbo kichwani. Mchungaji alipona, namshukuru Mungu, lakini kesi ilishafika mbali na mdogo wangu akafungwa. Simtetei. Hasira zake ni kama zangu, tofauti ni kwamba zangu huishia mdomoni.

Huko ndani, katika kubeba magunia ya mahindi ya shamba la gereza, alitokwa na uvimbe kinenani. Wa zahanati ya gereza wakamtazama, wakampeleka hospitali kubwa ya mjini akiwa na pingu na askari wake. Daktari akasema ni ngiri, inatakiwa kupasuliwa. Akamwonya kabisa kwamba ikinasa, utumbo ukabanwa, hapo anaweza kufa. Wakampa siku. Hakuna aliyemuuliza ana kadi gani wala nani atalipa, maana mfungwa ni wa serikali. Nilipokwenda kumsalimia akanieleza haya yote, nikamwambia, "Angalau humo wanakutibu," nikapita kununua vitunguu, nikarudi kwangu. Sikulifikiria tena.

Ndipo ukaja msamaha wa sikukuu ya taifa. Waliosamehewa ni wagonjwa, na wazee, na waliokwisha kutumikia sehemu kubwa ya kifungo chao. Mpaka leo sijui yeye alitokea mlango upi. Kama alitoka kwa sababu ya ugonjwa, basi mambo yalipinda kweli: walimsamehe kwa ajili ya ngiri, na ngiri wakamwachia aende nayo.

Nikamfuata askari aliyekuwa getini. Alikuwa mtu mzima, mpole, na kofia yake ameishika mkononi kwa sababu ya jua.

"Afande, samahani. Huyu mdogo wangu ana siku yake ya upasuaji wiki ijayo. Sasa tumlete hapa, au nyie mtatukuta hospitali?"

Akanitazama kwa upole ule ule. "Mama, huyu si wetu tena. Ni wenu."

"Najua ni wetu. Mimi nauliza upasuaji."

"Upasuaji ulikuwa wa mfungwa. Huyu si mfungwa."

"Lakini ngiri si ni ile ile?"

"Ni ile ile," akakubali. Akafikiri kidogo. "Hongereni sana, mama."

Nikamwambia asante. Nimejiuliza mara nyingi nilimshukuru kwa lipi.

Hatukwenda nyumbani. Tulikwenda moja kwa moja hospitali, maana nilikuwa bado naamini kuna mtu mmoja mahali fulani ambaye nikimweleza vizuri atasema, aa, kumbe, na mambo yatanyooka. Dirishani alikuwepo binti mmoja ambaye hakuinua macho.

"Bima au taslimu?"

"Bima," nikasema kwa kujiamini. Nilijua mama ana kadi ya bima ya kaya, ile ambayo watu sita wa nyumba moja wanatibiwa kwa kadi moja. Mimi mwenyewe natibiwa kwa bima ya kazini kwa mume wangu, ambayo inanigusa mimi na watoto lakini ndugu za mke haiwatambui. Nikamsomea namba ya kadi ya mama kutoka kwenye simu yangu. Akabonyeza, akauliza jina la mgonjwa, akabonyeza tena.

"Huyu hayumo."

"Yumo, mwanangu. Tazama vizuri."

"Wamo sita, wamekamilika. Yeye alitolewa. Inasema amehama."

"Nimehamia wapi?" mdogo wangu akauliza. Hakuwa anafanya mzaha. Aliuliza kama mtu anayetaka kweli kujua.

Binti akainua macho kwa mara ya kwanza. "Si wewe ndio utuambie, kaka?"

Nikauliza bei ya taslimu. Nikatajiwa. Nikasema haya, nikamvuta mdogo wangu mkono tukatoka nje. Nikampigia mama na kumuuliza, bila hata salamu, nani kamtoa mwanawe kwenye kadi. Mama alikuwa shambani. Nilisikia debe linagongwa na watoto wanapiga kelele kuwinga ndege wasimalize mpunga. Akasema, "Njooni nyumbani. Mambo ya simu mimi siyawezi."

Kesho yake tukapanda gari la Majimoto. Njia nzima kupita porini mdogo wangu alishika kinena chake kila gari liliporuka, na mimi nilikuwa natunga maneno ya kumwambia mama. Nilikuwa na maneno makali sana. Nilikuwa nimeshaamua nitaanza na lipi na nitamalizia na lipi.

Tulipofika, wifi yangu alikuwa amesimama uani na mtoto mgongoni, yule wa mwisho, ambaye alizaliwa baba yake akiwa ndani. Mdogo wangu alikuwa amemwona mara moja tu, kupitia kwenye wavu, siku wifi aliposafiri kwenda kumtembelea. Hakuwahi kumshika. Wifi akamfungua mgongoni na kumkabidhi. Mtoto akaangua kilio, na katikati ya kilio nikasikia kifua chake kinavyokoroma. Bibi alikuwa kwenye mkeka na ungo wake wa mchele, akachukua mkono wa mjukuu wake na kuushika kifuani. Mama ndiye aliyezungumza.

"Huyo ndiye aliyekaa kwenye nafasi yako," akasema, akimwonyesha mtoto.

Akaeleza akiwa amesimama. Mtoto alizaliwa na kifua kibovu. Kila baridi ilipoingia alikuwa anapelekwa kituo cha afya anapumua kwa shida, na kadi ilikuwa imejaa: mama mwenyewe, Bibi, mdogo wangu, wifi, na watoto wao wawili wakubwa. Akamwita dada wa bima, yule anayezunguka vijijini na simu kuandikisha watu. Dada akasema mtu anatolewa kwenye kadi kwa mambo mawili tu, amefariki au amehama.

"Nikamuuliza, na aliyefungwa? Akapekua simu yake juu mpaka chini. Akasema, mama, hapa hamna aliyefungwa. Sasa mimi ningesemaje? Hajafa. Nikasema amehama." Mama akajifuta uso kwa kanga. "Nikaenda kuungama. Padre akaniuliza mara mbili dhambi yenyewe ni ipi."

"Kwa hiyo mkamfuta," nikasema. Lilikuwa ndilo neno langu la kwanza kati ya yale makali, na lilitoka bila nguvu.

"Yeye alikuwa na serikali," mama akasema. "Huyu mtoto hakuwa na mtu."

Maneno yangu yote ya njiani yakaniishia pale pale. Nilimtazama mtoto, nikamtazama mdogo wangu. Nilikuwa nimekuja kumtafuta mkosaji, na mkosaji alikuwa analia huku amevua kiatu kimoja. Mdogo wangu akamwinua juu, akamwambia, "Kumbe wewe ndio umenitoa." Tukacheka wote, na yeye akacheka, kisha akainama ghafla na kumrudisha mtoto kwa mama yake kwa sababu kicheko kilimuuma.

Asubuhi yake dada wa bima akaja. Alikuwa msichana wa adabu, amechoka, na pikipiki iliyomleta ilimsubiri njiani. Akaketi kwenye kigoda na simu yake mapajani. Nikamwambia mambo ni rahisi, amrudishe tu mtu aliyekuwamo tangu mwanzo.

"Dada, kaya ni watu sita. Akiingia, mmoja atoke."

"Na wakikata kadi yao wenyewe, yeye na mkewe?"

"Inawezekana. Ila kadi mpya haianzi kufanya kazi siku hiyo, inakaa kwanza. Kujaza nafasi iliyo wazi ndio haraka."

"Inakaa mpaka lini?"

"Inategemea."

Nikamuuliza inategemea nini, akasema inategemea wakubwa. Nikaona huko nikiendelea kuuliza tutakesha.

Wifi akasema atolewe yeye, kwa kuwa haugui. Mdogo wangu akamkatalia kwa sauti kali, akisema mwanamke mwenye watoto watatu hatolewi kwenye matibabu, labda yeye afe kwanza. Mama akasema basi yeye. Dada wa bima akasema mama ndiye mkuu wa kaya, akitoka yeye kadi nzima inalala. Watoto wakubwa hakuna aliyewataja. Ulisikika tu mchele kwenye ungo wa Bibi, maana muda wote alikuwa akichambua mawe kana kwamba tunaongea Kiingereza.

"Mimi nahama," Bibi akasema.

Tukamgeukia.

"Mimi ni mzee. Wazee tunatibiwa bure, walisema redioni. Nina dirisha langu."

Ni kweli, dirisha lake lipo. Bibi ana presha ya siku nyingi. Kwenye dirisha la wazee hupimwa vizuri na kupewa pole, lakini kwa vidonge mara nyingi huambiwa akanunue. Kwa kadi alikuwa akivipata. Wote pale tulilijua hilo. Hakuna aliyelisema, na mimi nikiwemo, nikatazama chini.

Dada wa bima alikuwa ameshaweka kidole kwenye simu. "Basi niandike bibi amehama?"

"Subiri," mama akasema. Alikuwa amesimama tena, mikono kiunoni. "Nilishasema uongo mara moja kwenye hiyo simu yako. Sisemi tena. Kama anahama, ahame."

Nilidhani anamzuia. Kumbe alikuwa na maana ile ile aliyoisema. Mama akamtuma mtu kwa mwenyekiti wa kitongoji aje kushuhudia, akaingia ndani, akaanza kutoa vitu vya Bibi. Akatoa godoro, mkeka, sanduku la nguo, picha ya Bikira Maria iliyokuwa juu ya kitanda, chungu cha kuchemshia dawa, na kuku mmoja wa Bibi aliyekuwa analalia mayai, akatolewa na tenga lake na mayai yake. Vyote vikapelekwa kwa baba mdogo, mwanawe Bibi. Nyumba ya baba mdogo iko ng'ambo ya uwanja ule ule. Tunaanika mpunga pamoja, tunachota maji pamoja, na ukipika upande huu harufu inafika upande ule kabla hujaonja chumvi. Kadi baba mdogo hana. Yeye husema bima ni ya watu wanaopenda kuugua.

Watoto walidhani ni sherehe, wakabeba vyombo huku wanaimba. Bibi akafuata nyuma na fimbo yake, amevaa kanga yake ya kanisani, hakugeuka nyuma hata mara moja. Mwenyekiti akamkuta ameshaketi mlangoni kwa baba mdogo.

"Bibi, umehama kwa hiari yako?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Umetoka wapi?"

Bibi akaonyesha kwa midomo nyumba yetu, iliyokuwa mbele ya macho yake. Mwenyekiti akatikisa kichwa kwa uzito, dada wa bima akabonyeza simu. Mimi nikaangua kicheko. Nilicheka peke yangu, kama nilivyopiga vigelegele peke yangu kule getini, na nikatazama nyuso zao moja moja kuona kama kuna anayecheza. Hakuna aliyekuwa anacheza. Sikujua tena kama tumefanya jambo la kweli au tumeigiza, na kama tumeigiza, tulikuwa tunamwigizia nani.

Dada wa bima akasema sasa tusubiri isome kwenye mtandao. Nikarudi Mpanda na mdogo wangu, akakaa kwangu Ilembo ili awe karibu na hospitali. Nilimkataza kubeba hata ndoo. Alikuwa anaamka mapema sana, anatandika kitanda, anakaa pembeni yake akisubiri, mpaka nimwambie toka nje kaka, hapa hakuna anayekuhesabu. Jioni moja uvimbe ulitoka ukawa mgumu, ukakataa kurudi ndani. Alilala chali sakafuni miguu juu ya kiti, jasho linamtiririka, anatazama dari. Mimi nilizunguka chumbani nikisali vipande vipande, sala hii naianza, ile naimalizia. Uvimbe ukarudi wenyewe. Tukakaa pale sakafuni wote wawili.

Kisha ikafika ile siku yake, siku aliyopangiwa na gereza. Akaoga, akavaa shati safi.

"Unakwenda wapi?"

"Leo ndio siku yangu."

"Ilikuwa siku ya mfungwa. Si ulimsikia afande?"

"Nilimsikia," akasema. "Lakini daktari aliniangalia mimi."

Nikamsindikiza, kwa sababu nilikuwa na tumaini langu dogo la kipumbavu. Dirishani alikuwa binti yule yule. Akabonyeza namba ya kadi.

"Kuna bibi mmoja ametolewa."

"Ndiyo! Na huyu ameingia."

"Huyu bado. Wapo watano."

Nikamwomba arudie. Wapo watano. Bibi alikuwa ameshatoka na mdogo wangu alikuwa hajaingia, na ile nafasi ya sita, ambayo kwa ajili yake kuku alihamishwa na mayai, ilikuwa wazi, haina mtu. Nikauliza kama kwa leo tu hawawezi kumhesabu. Binti akasema mashine ndiyo inayohesabu. Hakusema kwa ubaya.

Tulikuwa bado tumesimama pale waliposhushwa wafungwa kutoka kwenye gari lao, watatu, na mavazi yao ya rangi ya machungwa. Askari akasema neno moja, wakachuchumaa kwa mstari ukutani. Nikageuka kumwambia mdogo wangu twende zetu, nikamkosa. Nikatazama chini. Alikuwa amechuchumaa. Amechuchumaa na shati lake safi, mikono juu ya magoti, kichwa chini, pale pale mbele ya dirisha la bima.

Watu wakatazama. Askari alikuwa yule wa getini, akatusogelea, akainama akamgusa bega.

"Wewe simama," akasema kwa sauti ya chini. "Simama, bwana. Wewe umesamehewa."

Akasimama taratibu, kwa kujishikilia ukutani. Mmoja wa wale wafungwa alikuwa mzee mwenye mvi, naye amejishika kinenani. Alikuwa selo moja na mdogo wangu. Mzee akamtazama, akaelewa kabla mimi sijaelewa.

"Wamenipa siku yako, mwanangu," akasema. "Mimi sikuomba."

"Nenda, mzee," mdogo wangu akamwambia. "Nenda, isije ikapotea bure."

Tukatoka. Nilitaka sana kumkasirikia mtu. Nimezoea, nikikasirika napata nguvu. Siku ile nilipekua kichwani nani nimkasirikie: askari mpole, binti wa dirishani, mzee mgonjwa, mtoto mwenye kifua, mama aliyeungama. Kila mahali mdogo wangu alipokuwa na nafasi palikuwa na mtu mwingine ameketi, na kila aliyeketi alikuwa na haki ya kuketi. Nikaenda zangu sokoni nikagombana na mteja kwa sababu ya dagaa, nikarudi nyumbani sijapata nafuu.

Siku kadhaa baadaye ikasoma. Dada wa bima alinipigia simu mwenyewe, anafurahi kama ndugu. Tukarudi, safari hii wapo sita, na baada ya kusubiri kidogo mdogo wangu akapasuliwa. Nililala hospitali kumuuguza. Daktari akasema imekwenda vizuri, asibebe mizigo, na arudi kuonwa. Nilipomwona anatembea kwenye korido mikono yote miwili iko huru, nilikwenda chooni nikalia kidogo, nikanawa, nikatoka.

Nilimrudisha Majimoto wakati wanavuna. Uwanja wote ulikuwa na mpunga umeanikwa, kutoka mlango wetu mpaka mlango wa baba mdogo. Bibi aliketi ng'ambo akilinda kuku wasile. Nikamwendea, nikapiga magoti nikamsalimia. Nikaona karibu yake kikaratasi cha vidonge vya presha, na vidonge vimekatwa nusu nusu.

"Bibi, mbona unakata dawa?"

"Ili zifike mbali."

"Nitakuletea za kutoka mjini. Na leo tunakurudisha nyumbani. Mjukuu wako ameshapona."

Akanitazama kwa mshangao. "Mkinirudisha, si atatoka?"

Nikamweleza. Nilimweleza kwa kirefu, kwa Kiswahili na kwa Kipimbwe, lugha yetu ya nyumbani, kwamba hakuna anayekuja kuangalia nani kalala nyumba gani, kwamba simu ya yule dada haioni godoro liko wapi, kwamba ulikuwa utaratibu tu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwenyekiti aliniona nikihama," akasema. "Yule binti akaandika. Halafu mjukuu wangu akatibiwa. Wewe unaniambia havihusiani?"

Vinahusiana. Sikuweza kumwambia havihusiani.

"Na bado anatakiwa arudi kuonwa," Bibi akaongeza. "Waje wanikute kule, wamtoe? Au wamrudishe alikotoka? Mimi hapa pananitosha."

Basi akabaki. Nililala nyumbani siku ile, chumba kile kile cha Bibi, kitanda kikiwa kitupu mimi nikalala chini. Asubuhi mama na wifi walikuwa wameshatoka kugeuza mpunga. Mdogo wangu alikuwa sebuleni amekaa kwenye kiti bila shati, anaangalia kidonda chake kinavyofunga. Nikasikia fimbo ya Bibi inakuja taratibu kukatiza uwanja. Ikasimama nje ya mlango wetu. Ni mlango aliopitishwa siku alipoletwa na babu, akiwa bado msichana. Humo ndani alizalia watoto wake wote, na humo ndani alimlea mdogo wangu mgongoni mwaka mama alipougua. Akakohoa.

"Hodi," akasema.

Mdogo wangu akainuka kwenye kiti. Alikuwa ndiye aliye karibu na mlango, ndiye wa kuitikia. Nilimwona anafungua mdomo, na sauti haitoki.

"Hodi wenyewe," Bibi akasema tena.

Mdogo wangu akanigeukia macho yamejaa machozi, kama anayeniuliza la kufanya, na mimi pia sikuthubutu kumwambia karibu, kama mgeni, kwenye nyumba yake mwenyewe. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Tulimwona na yeye alituona, na Bibi akaendelea kusimama nje, akisubiri akaribishwe.